Kliniki ya presha na sukari, kituo cha afya cha kata yetu: nyota tano kwa sista, moja kwa dirisha la dawa

Mimi ni fundi cherehani, mwenyeji wa mkoa wa Tabora. Mgonjwa wa kliniki hii si mimi, ni mama yangu. Mayo, yaani mama kwa Kinyamwezi, ameshavuka miaka sabini, presha ya kupanda anayo siku nyingi, na sukari ikaja kumkuta huko mbele ya safari. Kila mwezi tunapanda bajaji twende kliniki, na kila tukirudi nasema leo naandika. Jina la kituo wala wilaya sitaji. Wanaokitumia watakitambua, na wewe usiyekitumia naamini kwenu kipo kinachofanana nacho mpaka benchi za zege. Huduma ya serikali ni huduma kama ya basi au ya hoteli, tena hii tunailipia hata tukinunua uzi na zipu, kwa hiyo acha nitoe maoni yangu.

Sifa kwanza, maana zipo. Sista wa kliniki ya presha ni mtu wa watu. Anawaamkia wazee kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka mayo," kabla hata hajavuta kiti, na hampimi mtu aliyefika anahema. Anamkalisha kwanza, anamwambia aweke mkono juu ya meza, miguu chini, na asiongee. Nimeona maduka ya dawa ambako unapimwa umesimama huku unasimulia habari za msiba, kisha unaambiwa presha yako mia na sabini, nunua hiki na hiki. Huyu hafanyi hivyo. Akipata namba isiyomkalia vizuri anahamia mkono wa pili, na zote mbili anaziandika kwenye daftari. Anajua nani anaishi na nani. Mwezi mmoja alimuuliza mayo kama yule mjukuu anayemsomea maandishi ya pakiti za dawa amesharudi shule, na mjukuu mwenyewe alikuwa amerudi wiki hiyohiyo. Betri za mashine ya presha ananunua kwa hela yake. Nilimwona anazitoa kwenye mfuko wa koti, nikamuuliza, akacheka. "Dada, nikisubiri ziletwe, hawa wazee nitawapima kwa macho?"

Nyota tano, na kama kuna ya sita apewe. Ila hizo betri zishike kichwani, tutazirudia.

Foleni ni ya kawaida. Ukifika kabla ya saa moja asubuhi unapata namba ya juu, ukifika saa mbili ulikuja kusalimia. Tabibu ni mmoja: ndiye wa kliniki, ndiye wa watoto wenye homa, ndiye wa aliyeanguka na pikipiki, kwa hiyo akitoka mbio mnajua kuna jambo na mnatulia. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Ukichungulia ndani unakuta madirisha mawili yana mtu mmoja anayehamisha kiti. Maji ya Ziwa Victoria yamesafiri mpaka mkoani kwetu, na waliofanikisha wanastahili shukrani, lakini ile safari ndogo ya kutoka bombani mpaka kwenye choo cha wagonjwa bado hayajaimaliza. Kuna ndoo na kata. Nenda kabla hujatoka nyumbani.

Sasa dirisha la dawa.

Mayo anatumia amlodipini, losartani na metfomini. Ni dawa za kawaida kabisa, kila famasi ya mjini zipo, na kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu zimo. Kijana wa dirishani anapokea daftari, anasoma, anageuka kutazama rafu ingawa jibu analo, anarudi na kalamu nyekundu. Mbele ya dawa isiyokuwepo anaandika O/S, yaani stoo imeisha, halafu anasema bila kukutazama, "Mama, hii mtanunua nje." Daftari la mayo ukilifunua haraka haraka unaona wekundu tu. Kuna miezi metfomini peke yake ndiyo inayosalimika, na kuna miezi hata hiyo haipo.

Na mayo hatakiwi kulipa hata senti. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 baada yake, serikali imesema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Kitambulisho anacho, kina picha na muhuri, anakitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Kumwona tabibu ni bure. Kupimwa bure. Kuandikiwa dawa bure pia. Dawa yenyewe iko ng'ambo ya barabara, kwa fedha taslimu. Na usidhani kadi inasaidia: sisi nyumbani tulikata CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, tuliyoilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, nayo ilitufikisha palepale dirishani kwenye kalamu nyekundu.

Vidonge vya mwezi mzima, kwa bei ya famasi, vinakula ufundi wa sare ya shule na zaidi. Desemba na Januari nashona mpaka usiku, hela inaonekana. Baada ya hapo wateja wanaleta zipu zilizokatika na suruali za kupunguza, na mayo anazijua hesabu zangu kuliko ninavyomdhania. Siku moja nafua kanga zake nikakuta fundo kwenye pindo. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na vidonge vimekatwa katikati kwa wembe, vingine vimemeguka vikawa unga, vyote vimeviringishwa kwenye karatasi ya pakiti ya majani ya chai. Nikamwonyesha. Hata hakustuka.

"Nikimeza vyote leo, kesho nitameza nini?"

Alikuwa anameza nusu, tena kwa kuruka siku, na hakuna aliyejua, si mimi wala sista. Haukupita muda, asubuhi moja kikombe cha uji kikamponyoka na mdomo ukaenda upande. Hospitali kubwa walisema ni kiharusi, bahati yetu kimekuwa kidogo. Sasa anatembea kwa fimbo na mkono wa kushoto haukamati vizuri. Hapo naishia, maana yeye mwenyewe hapendi isimuliwe.

Ninachotaka kujua ni nani anayejibu. Kwangu mimi mteja akikuta gauni la harusi limeharibika haniulizi kitambaa kilitoka duka gani wala umeme ulikatika saa ngapi. Ananijia mimi, kwa kuwa hela alinipa mimi na daftari la vipimo ninalo mimi. Kituoni nilikuta hela iko kwa mmoja, daftari kwa mwingine, na ahadi ilitolewa na mtu wa tatu ambaye hata dirisha hilo hajawahi kuliona.

Nilianza kwa Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, na kwa kweli alinifundisha mengi. Dawa wanaagiza Bohari ya Dawa, MSD, ambayo ghala lake la kanda liko Tabora mjini. Kilichokosekana huko wanaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Utaratibu huo ulianzia Dodoma mwaka 2014, ukaenezwa nchi nzima mwaka 2018. Tena kituo kina akaunti yake benki. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile wanazochanga wafadhili, zinaingia kwenye akaunti ya kituo moja kwa moja, bila kupitia kwanza halmashauri. Ukijumlisha na wanaolipa papo kwa papo na zile za bima, ndiyo hela ya kununulia kilichopungua.

Nikamuuliza, kama hivyo ndivyo, O/S inatoka wapi?

Akafunga mlango. "Dada yangu, siku ya kliniki hao wazee wote nawahudumia bure, na wajawazito bure, na watoto wa chini ya miaka mitano bure. Ndivyo sera inavyosema na mimi naitekeleza. Lakini hakuna anayenirudishia. Nikitoa dawa imetoka, na hela ya kununua nyingine haijaingia."

Hapo ndipo nilipoelewa zile betri. Ahadi imetolewa Dodoma, inalipwa na droo ya kituo cha kata, na droo ikiwa tupu inalipwa na koti la sista, na koti likishindwa inalipwa na wembe wa mayo. Kituo kinachowatendea wazee haki ndicho kitakachoishiwa mapema zaidi. Kile kinachowafukuza kwa ujanja rafu zake zinapendeza, na akija mkaguzi kitasifiwa. Sasa huyo aliyeandika "bure" bila kuandika nani analipa, sista amfuate ofisi gani?

Hata hivyo Mfawidhi sikumwachia hivihivi. Nilimwomba anionyeshe oda ya mwisho ya losartani, akasema iko kwenye mfumo. Nikamwomba aufungue mfumo, mtandao ukawa unasumbua. Nikatoka nje kwenye ubao wa matangazo kutafuta karatasi ya mapato na matumizi. Ipo, ya mwaka uliopita, imefifia, na nusu yake imefunikwa na bango la chandarua. Kukosa fedha naelewa. Kukosa pini ya kubandika karatasi mpya sielewi, na hiyo haihitaji Hazina.

Vituo hivi vina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, watu kama mimi na wewe, na matumizi ya kituo lazima yapite kwao. Wa kwetu ni mzee mmoja mfuga nyuki, namnunulia asali. Nikaenda kwake jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefuata asali au umefuata maneno?"

"Nimefuata maneno."

Akacheka, akaniambia ukweli wake. Wanaitwa, wanakuta karatasi zimeshaandaliwa, wanaonyeshwa pa kusaini, na kikao kinakwisha kabla soda haijaisha. Leja ya dawa hajawahi kuiona. Hakuna aliyemkataza; hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anayo haki ya kuiomba. Alikuwa anadhani kazi yake ni ulinzi wa uzio.

Diwani naye nilimfuata, akanijibu kwa asilimia. Upatikanaji wa dawa katika halmashauri yetu, alisema, ni asilimia kadhaa, na ni nzuri kweli. Nikaja kuelewa kwamba hesabu hiyo hufanywa kwa orodha ya dawa chache zilizochaguliwa kama kipimo. Kikiwepo kingi kwenye orodha, asilimia inapanda. Lakini mayo haugui orodha. Yeye ana dawa zake tatu, na mbili zikikosekana hana asilimia ya kumeza.

Mpwa wangu anasoma sheria, nikamwambia anitafutie pa kushika. Alirudi na Katiba. Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee na wakati wa maradhi. Uzee na maradhi, yote mawili ya mayo, yametajwa waziwazi. Nikafurahi. Akaniambia nisifurahi kwanza, akafungua Ibara ya 7, kifungu kidogo cha pili: masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama yoyote. Yaani ahadi ipo, ila kudai huwezi. Na ukitaka kuishtaki serikali kwa madai ya kawaida unatakiwa utoe notisi ya siku 90 kwanza, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 hata halmashauri ukiishtaki lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Fundi cherehani na Mwanasheria Mkuu, mezani pamoja. Mpwa alicheka, mimi sikucheka.

Wenzetu Uganda walisota lakini walifika. Mwaka 2011 wanaharakati na familia za wanawake wawili waliofariki wakati wa kujifungua walifungua kesi. Ilitupwa mara ya kwanza kwa hoja kwamba mambo hayo ni ya wanasiasa, ikarudishwa na Mahakama ya Juu, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Miaka tisa. Mayo hana miaka tisa ya kusubiri losartani, ila napenda kujua kwamba mahali fulani jaji alikaa akasikiliza habari za mama aliyekosa huduma, na hakuishia kusema "bajeti ni finyu".

Kwetu anayesema kwa sauti ni CAG. Kila mwaka, kufikia tarehe 31 Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anampelekea Rais ripoti, kisha inakwenda bungeni, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa inawaita wakurugenzi wajieleze. Ripoti hizo miaka nenda rudi zinataja dawa zilizoisha muda zikiwa stoo, majengo yaliyokamilika bila vifaa, na vituo vyenye upungufu wa watumishi. Zinasomwa kwenye redio mwezi wa Aprili, mafundi wote tunasimamisha cherehani tunasikiliza, tunaguna. Ikifika Juni redio imehamia kwenye usajili wa Simba na Yanga. Mkurugenzi aliyejieleza amehamishwa wilaya nyingine, na anayekuja anasema yeye ni mgeni, apewe muda. Ndiyo maana mimi siingoji Aprili.

Niliandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Sikuandika matusi wala historia. Nilitoa fotokopi za kurasa za daftari zenye O/S, nikaziambatisha na fotokopi ya kitambulisho cha mzee, nikauliza mambo mawili: losartani na amlodipini ziliagizwa lini, na wazee wanaotibiwa bure gharama zao zinarudishwa kituoni kutoka fungu gani. Masijala walitaka kuipokea hivihivi, nikasubiri nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Majibu bado.

Yule mzee wa asali alichukua nakala moja akaenda nayo kwenye kikao. Inasemekana safari hiyo soda ziliisha na watu bado wamekaa. Aliomba leja, ikaletwa. Wiki iliyofuata karatasi ikabandikwa pembeni ya dirisha la dawa, imeandikwa kwa mkono: dawa zilizopo, zisizokuwepo, na tarehe ya oda. Kwenye safu ya tarehe ya oda losartani ilikuwa wazi. Kumbe haikuwa imeagizwa. Hapo ubahili wa Hazina hauhusiki, hapo kuna mtu alipitiwa, na sasa aliyepitiwa anaonekana. Mwezi huu amlodipini tumepewa, pakiti kamili. Sijipi sifa, huenda mzigo ulikuwa njiani tayari. Losartani tumenunua nje tena, ila safu ile imejazwa tarehe.

Kama unampeleka mzee wako hapo: kliniki ni Jumatano. Beba kitambulisho chake halisi, fotokopi wanaikataa. Beba kitu cha kula kwa mwenye sukari, maana foleni haina huruma na nje wanauza maandazi tu. Mwambie sista ukweli kama mzee anaruka dozi, hatamgombeza. Dirishani, dawa ikikosekana usiondoke kabla haijaandikwa kwenye daftari, hata kama kijana ana haraka, na soma ile karatasi ya pembeni, ukiona ni ya mwezi jana ulizia kwa sauti, wazee watakuunga mkono. Ukipata nafasi muulize mjumbe wa kamati wa mtaa wako lini wanakaa.

Sista tano, tabibu nne kwa kuwa amechoka, kamati ilikuwa moja sasa ni tatu, dirisha la dawa moja. Halmashauri nimeiachia nafasi wazi mpaka barua ijibiwe, na wizara iliyoandika "bure" nitaipa nyota siku itakayoandika na fungu la kulipia.